Msindikizaji Mmoja Tu

Mdogo wangu alipata mchumba katika wodi ya kifua, na mtaani kwetu hakuna aliyeshangaa. Wodi ile ilikuwa sebule yetu ya pili. Ukimkosa mtu nyumbani kwake, ukimkosa sokoni, ukimkosa saluni kwangu, basi saa ya kutazama wagonjwa ungempata huko: ama amelala kitandani, ama ameketi pembeni ya kitanda cha mwenzake anamenya chungwa. Nani kaoa, nani kaachika, nani na nani hawasalimiani, habari zote zilipita pale kabla hazijafika mtaani. Mimi mwenyewe nimepata wateja wengi wodini kuliko walioletwa na bango langu la mlangoni.

Bwana harusi alikuwa amekwenda kumtazama mjomba wake. Mdogo wangu alikuwa kitanda cha jirani, kinyago cha oksijeni usoni, nywele nimemsuka asubuhi ile ile, maana sikubali ndugu yangu aonekane ovyo hata akiwa hoi. Yule kijana, dereva wa lori la maji, akamsalimia: "Hujambo, dada?" Mdogo wangu akasogeza kinyago, akasema, "Sijambo, kaka," kisha akakirudisha haraka kabla pumzi haijamwishia. Dereva akacheka mpaka mjomba wake akajigeuza kitandani kuona kuna nini. Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Ishike hiyo "sijambo," nitairudia.

Sisi tunakaa upande wa chini wa reli. Babu zetu waliletwa kutoka mbali kuja kuilaza hiyo reli, na kazi ilipokwisha wakabaki kando yake na masufuria yao. Wenzetu wa upande wa juu wanatuita wakuja mpaka leo, ingawa mimi, mama yangu na mama yake, sote tumezaliwa hapa hapa. Tuna rangi yetu, tuna lugha yetu ya nyumbani, na popote tunapokwenda lafudhi inaingia mlangoni kabla yetu. Lakini sikukaa hapa nilie. Saluni yangu iko pale kwenye kivuko cha reli, na wa juu wanavuka kuja kusukwa kwangu, kwa sababu mikono hii, na hapa sijisifu, ninatoa taarifa, haijapata mpinzani.

Basi harusi ikapangwa. Ikavunjika. Wiki ya harusi kifua kilimbana mdogo wangu, tukampeleka hospitali badala ya kumpeleka kwa mpambaji. Ikapangwa tena. Mara hii gauni lilikuwa limeshavaliwa, ninapandisha zipu mgongoni, nikasikia ule mluzi ndani ya mbavu zake. Yeye akasema, "Hakuna kitu, dada, pandisha tu." Sikuipandisha. Wageni wakahamia wodini na masufuria yote, tukala kule kule, na muuguzi akatufukuza kwa upole baada ya kumaliza sahani yake. Tulicheka sana siku ile, nikwambie ukweli. Aliyelia ni bi harusi peke yake, na alilia akiwa ameugeukia ukuta.

Wasiocheka walikuwa upande wa bwana harusi. Dereva alilelewa na shangazi yake, mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Jaji, kwa sababu akishasema hakuna rufaa. Siku moja mchana akaingia saluni kwangu, akakataa kiti.

"Msusi, mimi sina ugomvi na mdogo wako."

"Karibu ukae, shangazi."

"Sikai. Mwanangu anataka mke wa nyumbani, siyo wa wodini. Mara ya kwanza tukasema bahati mbaya. Mara ya pili watu wakaanza kumwita mwanangu mume wa oksijeni. Sasa tarehe mpya ni mwezi ujao, na hiyo ndiyo ya mwisho. Akilazwa tena kabla ya siku hiyo, sisi tunajitoa, na kijana nimeshamwambia."

"Na kijana kasemaje?"

"Kainamisha kichwa. Hajawahi kunivunjia neno." Akazungusha macho saluni nzima. "Na msinifiche. Mimi nina macho kila mahali."

"Hata humu?"

"Humu hasa."

Wateja wote wakainama kutazama vidole vyao vya miguu. Nilipomfikishia mdogo wangu ujumbe ule jioni, alikuwa kwenye cherehani yake anapinda pazia la kiwanda anachoshonea. Hakuinua uso. "Ana haki," akasema. Huyo ndiye mdogo wangu: mpole wa kuudhi. Mguu wake ukaendelea kukanyaga, lakini nikaona pindo linakwenda upande, naye hapindi upande hata akiwa na homa. Yule dereva alimpenda, jamani. Alimpenda kwa ile namna ya mtu asiyejua kusema.

Sasa sikia Jumamosi iliyofuata. Mwalimu wa hesabu alivuka reli kuja kusuka. Huyu ni wa juu, mtu wa maneno machache, ila akishakuachia kichwa chake amekuachia kweli. Nilikuwa nimefika katikati wakati muuza mkaa, shoga yangu wa miaka yote, alipoingia kupumzisha miguu. Vumbi lake likaingia naye. Mwalimu akakohoa, akavuta mkoba, akatoa pampu ndogo ya bluu, akaiweka mdomoni, akavuta. Pampu ile ile anayotumia mdogo wangu. Mkono wangu ukasimama hewani na nywele zake.

"Mwalimu! Kumbe na wewe una pumu?"

"Tangu nikiwa darasa la kwanza."

"Na mbona miaka yote hii sijakuona wodini?"

Akanitazama kwenye kioo kana kwamba nimemuuliza mbona simwoni jela. "Wodini nikafanye nini?"

"Ukalazwe!" muuza mkaa akamjibu kwa niaba yangu. "Mwenye pumu si analazwa?"

"Mimi sijawahi kulazwa."

Mmoja aliyekuwa chini ya kikausha nywele akatoa kichwa ili asikie vizuri.

"Hujawahi hata mara moja?" nikauliza. "Ukibanwa je?"

"Sibanwi sana. Natumia dawa." Akaingiza tena mkono mkobani, akatoa pampu nyingine, hii ya rangi ya kahawia, akaziweka zote mbili mezani kati ya vitana vyangu. "Hii ya bluu ni zimamoto. Unaiita nyumba ikishashika moto. Hii ya kahawia ndiyo inazuia moto usiwake. Unavuta asubuhi na jioni, uumwe usiumwe, halafu unasukutua mdomo. Mdogo wako si anazo zote mbili?"

"Anayo zimamoto," nikasema.

"Na ya kahawia?"

"Ndiyo kwanza naiona."

Muuza mkaa akaichukua ile ya kahawia, akaigeuza, akainusa kama mtu anayenunua manukato. Kisha akatoa yake kwenye mfuko wa aproni: bluu, imepauka, kifuniko kimefungwa na uzi. Wa kwenye kikausha naye akatoa yake: bluu. Mama mmoja aliyekuja kuazima kitana akasema yake iko kwa wifi yake, lakini nayo ni bluu. Ndivyo tulivyokuwa tunaishi. Zimamoto zilikuwa zinaazimwa nyumba kwa nyumba kama chumvi, na unayemwazima leo ndiye unayekwenda kugonga kwake kesho.

"Mwalimu, na hiyo ya kahawia umepewa wapi?"

"Kliniki ya barabara kuu."

"Yule daktari mwenye miwani?"

"Huyo huyo."

"Huyo ndiye daktari wetu!" muuza mkaa akapiga paja. "Alikupaje wewe?"

"Alinihoji tu, kama kawaida yake. Unaamka usiku ukikohoa? Ukipanda ngazi unapumzika? Ya bluu unaivuta mara ngapi kwa wiki? Ulipo pana vumbi, pana moshi? Nyinyi hawawahoji hivyo?"

Sisi alikuwa anatuuliza swali moja, unaendeleaje, na mkono wake ulikuwa umeshaanza kuandika kabla hujafunga mdomo.

Nikamaliza kumsuka mwalimu, akaenda zake, nami nikabaki nimeshika kitana. Nikaipitia wodi ya kifua kichwani, kitanda kwa kitanda, mwaka huu, mwaka jana, mwaka juzi, nikitafuta uso wa mtu wa juu. Nikampata mmoja tu, mzee aliyevunjika mbavu. Miaka yote hiyo nilikuwa nadhani sisi tumezaliwa na vifua vibovu, ndiyo asili yetu, kama ndimi zetu kuwa ndefu. Kumbe wenzetu wanabanwa vile vile. Wao wanasaidiwa wangali wima; sisi tunasubiriwa tuanguke, ndipo tunapewa kitanda, oksijeni na pole.

Jumatatu nikamtuma mdogo wangu kliniki. Nikamwambia kila kitu: rangi, asubuhi na jioni, kusukutua. Akaenda na gauni lake zuri. Akarudi mchana, akaweka mezani pampu mpya inang'aa. Bluu.

"Hii nini?" nikamuuliza.

"Ndiyo aliyonipa."

"Ulimwomba ya kahawia?"

"Nilitaka kumwomba."

"Eh! Ukazuiwa na nani?"

Akaanza kuchezea kifungo cha mkono wa gauni. "Dada, niliingia, akasema unaendeleaje. Nikasema naendelea vizuri, daktari, nashukuru. Basi akaandika, akanipa."

"Unaendelea vizuri? Wewe? Wewe ambaye jana umelala umekaa?"

"Sasa ningemwambiaje? Mtu anakusalimia, hapo hapo unamwanikia maradhi kama nguo kwenye kamba?"

Nilitaka kumrushia kitana, nikajizuia, kwa sababu nilijua na mimi ningesema hivyo hivyo. Hivyo ndivyo tulivyolelewa upande wa chini. Mkubwa akikujulia hali, uko salama. Watoto salama, nyumba salama, hata kama paa limeezuliwa. Shida inakuja baadaye, mkishakaa, akishakuuliza tena na tena, na ukishaona kwamba anataka kujua kweli. Mbele ya mtu wa juu ndiyo kabisa: hatumwonyeshi pabovu petu, asije akasema wakuja wanalialia. Na daktari hakuwa anauliza tena. Wa kwake, akisema vizuri, anachimbwa. Wa kwetu, akisema vizuri, anaaminiwa na kutolewa nje.

Tena kuna jambo lingine, na hili lilinijia pale pale, mdogo wangu akiwa bado amesimama na kile kifungo. Wodini tunakwenda kundi zima. Mtu akilazwa anapata ndugu, majirani, mpaka wadai wake. Lakini kliniki mtu anakwenda peke yake, kimya kimya, kana kwamba anakwenda kuungama. Ule umati wetu wote, zile ndimi zetu zote, tulikuwa tunazipeleka baada ya mambo kuharibika.

"Kaa kwenye kiti," nikamwambia mdogo wangu.

"Cha nini?"

"Kaa. Mimi ni daktari."

Nikavaa miwani ya jua ya mteja mmoja, nikaketi nyuma ya meza ya vitana, nikajifanya naandika. Saluni ilikuwa imejaa, nayo ikasogea.

"Unaendeleaje?" nikasema bila kuinua kichwa.

"Nzuri, daktari."

"Toka nje!" muuza mkaa akapiga kelele. "Rudi uanze upya!"

Akatoka, akarudi, akaketi. "Unaendeleaje?"

"Na... siyo vibaya sana."

"Siyo vibaya sana!" muuza mkaa akajishika kichwa. "Huyu atazikwa na adabu zake! Mwambie hivi: daktari, ninakufa."

"Lakini sifi!"

"Usiku unalalaje?" nikamuuliza.

"Nimekaa."

"Si umwambie hivyo! Sema nalala nimekaa. Huo si ukosefu wa adabu, hiyo ni habari. Habari unaijua wewe? Kila siku unapeleka za wenzako."

Wakacheka wote, naye akacheka, na kicheko kikamletea kikohozi, na kikohozi kikaleta mluzi. Akavuta bluu, akasubiri, akafuta macho. Kisha akasema, bila kuulizwa na mtu: "Nalala nimekaa. Nikipanda ngazi za kiwandani nasimama katikati najifanya nafunga kiatu. Mimi sivai viatu vya kamba." Ninamsuka mwenyewe, ninamlisha, ninalala naye chumba kimoja, na la kiatu sikulijua.

Asubuhi iliyofuata nilifunga saluni. Tukavuka reli, mimi, mdogo wangu, muuza mkaa na kila mwenye bluu mtaani, tukiwa tumejipamba kama watu wanaokwenda harusini. Mapokezi ya kliniki pana karani mmoja, kijana safi, kola imesimama. Alipotuona tunaingia, mmoja baada ya mwingine baada ya mwingine, akaweka kalamu chini.

"Nyinyi wa chini, kila mahali lazima mje kama mnahama?"

"Shikamoo na wewe, mwanangu," muuza mkaa akamwambia.

Karani akaelekeza kidole kwenye kibao cha ukutani. "Msindikizaji mmoja tu kwa mgonjwa. Mmoja."

"Ni sawa kabisa," nikamjibu. "Msindikizaji ni mimi. Hawa wote ni wagonjwa."

"Wote?"

Muuza mkaa akakohoa. Wengine wakakohoa nao, wengi kwa ukweli, mmoja wawili kwa kuunga mkono. Kisha kila mmoja akatoa pampu yake ya bluu akaishika mkononi kama tiketi. Karani akatutazama, akatazama kibao chake, akaona hakina msaada, akaanza kuita majina.

Mdogo wangu akaitwa wa kwanza, nami nyuma yake. Daktari mwenye miwani alikuwa ameinamia meza. Ni mwanamke wa makamo, uso wa uchovu, si mtu mbaya.

"Unaendeleaje?" akasema, na kalamu ikaanza.

Niliuona mdomo wa mdogo wangu ukifunguka kwa ile "na" ya "naendelea vizuri." Niliiona, wallahi. Nikamkanyaga kidole.

"Vibaya, daktari," akasema.

Kalamu ikasimama. Daktari akainua kichwa, na ndipo alipomwona mdogo wangu, nadhani kwa mara ya kwanza tangu aanze kumtibu.

"Vibaya vipi?"

Mdogo wangu akamwambia. Kulala amekaa. Kiatu kisicho na kamba. Vumbi la mapazia, jinsi linavyopanda anapokata kitambaa kizito. Bluu anayoivuta mpaka mkono unatetemeka. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikukatika. Daktari akaweka kifaa mgongoni, akasikiliza juu, akasikiliza chini, akarudi kuketi.

"Mbona kila ukija unaniambia unaendelea vizuri?"

Hapo nikaingilia, maana ndiyo kazi ya msindikizaji. "Daktari, huyu alikuwa na kinyago cha oksijeni usoni, mwanamume akamwambia hujambo, akakisogeza ili amjibu sijambo. Kwetu hiyo ni salamu, siyo ripoti. Lakini na wewe, samahani, ulikuwa unamwona anatoka kulazwa, anakuja, anasema vizuri, unampa bluu, anarudi kulazwa. Hukutaka kumchimba kidogo? Mbona mwalimu wa hesabu unamchimba?"

Akavua miwani. Nikadhani sasa tunatolewa.

"Tulikuwa tunaambiana," akasema polepole, "kwamba watu wa chini ya reli dawa ya kila siku hawaifuati. Kwamba wanaiacha wakipata nafuu. Basi mtu anawapa ya kuwaokoa tu."

"Nani kawaambia?"

Akafikiri. "Sijui. Nilipoanza kazi niliyakuta."

"Daktari, mimi nasuka watu wa chini. Wanakuja kila baada ya wiki mbili, mvua inyeshe, jua liwake, hakuna aliyewahi kuacha kusuka kwa sababu nywele zimepata nafuu."

Akacheka. Hakutaka, lakini alicheka, na uso ule wa uchovu ukawa wa mtu mwingine. Akafungua kabati nyuma yake, akatoa ya kahawia, akamwonyesha mdogo wangu namna ya kuvuta polepole na kuishikilia pumzi, akamrudisha arudie mpaka akapatia. Akamwonya: haitafanya kazi leo wala kesho, ni ya wiki kadhaa, na siku utakayojisikia mzima ndiyo siku ya kutoiacha. Akaandika pia barua ndogo kwa msimamizi wa kiwanda, aondolewe kwenye meza ya kukata vitambaa.

"Ninyi wa upande wenu," akasema tukiinuka, "wapo wengine wa namna hii?"

Nikafungua mlango. Korido nzima ilikuwa wao, kuta zote mbili, na muuza mkaa mbele akiwa ameshaanza kumsimulia karani habari za ndoa ya jirani yake, na karani amesahau kola yake, ameegemea meza anasema, "Ehe, halafu?"

Daktari akavaa miwani yake tena. "Aingie anayefuata," akasema. "Na mlango uacheni wazi."

Usidhani baada ya hapo ilikuwa mteremko. Wiki ya kwanza mdogo wangu alisema haoni tofauti, ladha ni mbaya, afadhali aache. Nikamwambia akiacha nitamsimulia Jaji mwenyewe. Nikawa nasimama mlangoni asubuhi na jioni na kikombe cha kusukutulia, na muuza mkaa akipita njiani anapaza sauti: "Umevuta?" Mtaa mzima ukajua saa za dawa kuliko saa za sala. Siku moja nilishtuka asubuhi, nikageuka kitandani, nikamkuta amelala. Amelala amejinyoosha kabisa, mto mmoja, mdomo wazi, anakoroma kama dereva wa lori. Nilikaa nikamtazama mpaka saa ya kufungua saluni ikapita.

Jaji naye hakukaa bure. Siku chache kabla ya harusi alikuja na chupa ya manukato mazito, akasema ni zawadi, akaipuliza pale pale sebuleni, nyingi, na macho yake hayakutoka kifuani kwa bi harusi. Mimi mwenyewe nilipiga chafya. Bi harusi akasema, "Asante, shangazi, yananukia vizuri, naomba nifungue dirisha." Akafungua dirisha. Hicho nacho kilikuwa kipya: zamani angebaki ndani ya ule moshi wa maua akitabasamu mpaka aanguke. Jaji akaondoka na chupa yake mkononi, kasahau kuitoa.

Na siku ikafika. Nilipandisha zipu, nikaweka sikio mgongoni pake, nikasikia moyo tu, unakwenda mbio kama wa bi harusi yeyote. Ukumbi ulikuwa ghorofani. Akapanda ngazi mbele yetu, gauni mkononi, bila kufunga kiatu chochote. Dereva alipomwona anaingia kwa miguu yake alisimama, akaketi, akasimama tena, na mjomba wake, yule wa wodini, ikabidi amvute koti.

Muziki ulipopigwa wakaingia uwanjani wawili. Wimbo ulikuwa wa haraka. Nilikuwa nimemwambia mpiga muziki aweke wa polepole, bi harusi akaenda kuubadilisha. Wakacheza. Watu wakaacha kula. Si kwamba walicheza vizuri sana, dereva anacheza kama anarudisha lori nyuma, lakini ukumbi mzima ulikuwa unasikiliza kifua cha mtu mmoja. Muuza mkaa alikuwa ameshika bluu mkononi chini ya meza, tayari. Wimbo ukaisha. Mdogo wangu akasimama katikati, jasho usoni, anapumua kwa nguvu, mdomo wazi, mabega yanapanda na kushuka. Ni pumzi za mtu aliyecheza. Akacheka, akaomba wimbo mwingine.

Jaji akainuka mezani kwake, akatembea mpaka katikati ya uwanja, watu wakampisha.

"Hujambo, mwanangu?" akamuuliza. Ni kweli alimwita mwanangu, nina mashahidi.

"Sijambo, shangazi."

Jaji akamtazama machoni muda mrefu, akimchunguza kama shahidi. Kisha akamkumbatia, akamrudisha kwa mumewe, na vigelegele vikapasua dari.

Hakurudi mezani kwake, alikuja kuketi karibu nami. Aliketi kwa uzito, akaweka mkono kifuani, akafunga macho kidogo. Nikamjazia maji.

"Na wewe, shangazi, hujambo?"

"Sijambo."

Sikuondoa macho. Nikamngoja. Akanywa maji, akaweka glasi, akaipangusa ukingo kwa kidole.

"Hizi ngazi," akasema kwa sauti ya chini, "nimesimama njiani mara mbili. Miguu nayo jioni inavimba, kiatu hakitoki. Usimwambie mtu."

"Jumatatu nakupitia. Msindikizaji nitakuwa mimi."

Akageuka upesi. "Wewe peke yako?"

Upande wa pili wa meza muuza mkaa alikuwa ameshaacha kutafuna, shingo imenyooka, anahesabu wa kuwaita.

"Peke yangu," nikamwambia shangazi, nikamshika mkono.